Koti Lililolala kwa Nyar Sondu

Wiki mbili baada ya kumzika Mama nilikwenda Sondu kupeleka mabati. Sikuwa na haja ya kwenda mwenyewe. Nina madereva, nina wapakiaji, nina kijana wa kuandika risiti, na lori langu likionekana barabarani watu wanajua ni la nani kabla halijafika. Lakini Sondu ndiko Mama alikozaliwa, nikataka tu kupita. Mteja alikuwa anaezua nyumba ya zamani ya nyasi. Vijana walipovuta fungu la kwanza, nyasi nyeusi kwa moshi wa miaka mingi na mvua ya jana bado ndani yake, harufu ikanipiga usoni. Moshi, kuvu, mikojo ya panya, na chini yake kitu kitamu kitamu kama uji uliolala. Nikakaa kwenye ngazi ya lori. Dereva akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia ashushe mabati.

Mnijue kwanza. Mimi sikusoma. Darasa la sita tuliachana nalo bila ugomvi. Leo hii ukiuliza mabati Kisumu utaelekezwa kwangu, na watu wenye digrii hukaa kwenye benchi langu wakingoja nimalize kuongea na simu. Baba yangu alikuwa mwashi. Alijenga kuta za wakubwa kule Milimani, na saa ya chakula alichuchumaa nje ya lango akila mahindi ya kuchemsha. Ukuta mmoja katika hizo nimeununua, pamoja na nyumba iliyo ndani yake, na ndimo ninamolala. Nikijisifu, najisifu kwa kitu ninachoweza kukuonyesha.

Kwenye karatasi ya mazishi watoto wangu waliandika vizuri, maana hao nimewasomesha. Mke mwaminifu, mama mwenye upendo, mwalimu wa watoto kanisani. Mambo matatu kwenye mstari mmoja, kama samaki watatu wa ngege kwenye uzi. Watu wakasoma, wakatikisa vichwa, wakaendelea kula. Sina lawama na mtu. Lakini mimi nilikuwepo mwaka ule ambao mambo hayo matatu yalikataa kukaa nyumba moja, Mama akaambiwa achague kati ya paa lake na darasa lake. Na mimi mwanawe ndiye niliyemfanya alipoteze lile alilolipenda zaidi.

Baba siku za kazi alilala chumba cha kupanga pale Nyalenda, mjini Kisumu. Jumamosi jioni alikuja nyumbani kwa baiskeli, kijijini kwetu kando ya ziwa, saruji ikiwa bado kwenye nyusi. Hakuwa mtu wa kanisa. Jumapili yeye alilala, na Mama alitoka asubuhi na uteo kichwani, uteo ule ule wa kupepetea mtama, ila siku hiyo alikuwa ametia ndani yake mchanga mweupe wa ziwani. Huo ndio uliokuwa ubao wake. Kanisa letu la udongo lilikuwa halina ubao wala chaki. Aliketi katikati yetu akachora kwa kidole: mashua, mtu, wimbi kubwa. Halafu akatikisa uteo mara moja, shwaa, na wimbi likalala. Nimesikia wahubiri wengi tangu wakati ule, wengine wamesomea ng'ambo, lakini bahari ikitulizwa mimi naiona ikitulia vile tu, kwa mikono miwili inayonukia kitunguu na sabuni ya mche.

Watu walimwita Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu, kama ilivyo kwetu mke kuitwa kwa kwao. Watoto tulimwita Mwalimu. Hata mimi, tukiwa kanisani, nilimwita Mwalimu, na aliniuliza maswali mwisho kabisa baada ya watoto wa wenzake wote, hata kama nilikuwa nimenyoosha mkono mpaka bega linauma. Niliona ananionea. Nilikuja kuelewa kwamba hakutaka mtu aseme mtoto wa Mwalimu amefundishiwa jikoni.

Tukirudi, Baba alikuwa ameamka, amekaa mlangoni na fulana yake. Alimwuliza kila Jumapili, "Haya Mwalimu, leo umewafundisha nini hao kunguru wako?" Naye, huku akimtolea samaki miba, alimfundisha somo lote upya tangu mwanzo. Baba alibishana. Aliuliza mambo ambayo sisi tusingethubutu, kwamba hao samaki wawili walioshibisha watu elfu tano walikuwa mbuta, wale wakubwa, au walikuwa omena, dagaa wa kwetu, na kama walikuwa omena basi mwujiza ni mkubwa zaidi na mchungaji anauficha. Mama alicheka mpaka akaweka samaki chini. Mimi nilidhani ndoa ndiyo hiyo, kwamba mwanamke anafundisha na mwanamume anakula. Nilidhani kila nyumba kuna somo baada ya chakula.

Halafu kifua kikamchukua Baba. Vumbi la saruji, walisema. Alikohoa msimu mmoja na msimu wa pili hakuufikia.

Nakumbuka Jumapili baada ya mazishi kuliko mazishi yenyewe. Mama alirudi kanisani, akapika, akapakua, akakaa akiangalia mlango. Somo lilikuwa limemjaa mdomoni na hakuna wa kumpa. Jumapili ya tatu akaanza kunipa mimi. Nilimsikiliza kwa adabu, nikiitikia ndiyo, ndiyo, Mama. Alifika katikati akaniangalia, akaenda kuosha vyombo. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, sikujua kwamba nilitakiwa kubisha.

Mvua za kupanda zikaja na paa likaanza kuvuja. Ninyi wa rika langu mliolala chini ya nyasi mnajua sauti zile. Sufuria kubwa ikisema do, kikombe cha bati kikisema ti, na dada zangu wawili wadogo wakicheka wakifikiri ni mchezo. Mama alivuta kitanda pembeni, kesho yake akakivuta tena, mpaka kikabaki katikati ya nyumba kama mtumbwi. Upande wa ukutani, ambako Baba alikuwa akilala, ndiko kulikovuja zaidi. Juu yake kulikuwa na kigingi chenye mwiko wake na kamba yake ya timazi, ile yenye chuma cha kupimia ukuta, na maji yaliteremka kwenye ile kamba yakidondoka kutoka kwenye chuma, tone, tone, yamenyooka vizuri.

Sasa, nyasi zilikuwepo na wanaume walikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa. Desturi yetu ilikuwa kwamba nyumba ya mjane haiguswi paa mpaka ndugu wa marehemu amchukue mjane huyo kuwa mkewe. Mtu akipanda kabla ya hapo, anajitafutia balaa yeye na watoto wake. Na kanisa nalo lilikuwa na lake. Mwanamke aliyechukuliwa na shemeji hawezi kusimama mbele ya watoto kuwafundisha. Paa na darasa. Ukishika hiki unaachia kile.

Mama alisema yeye ana mume, na mume wake yuko pale nje ya nyumba amelala, kila mtu aliona akizikwa. Alimwambia hivyo Baba Mdogo, mdogo wake Baba, mvuvi mwenye kicheko kikubwa ambaye kwa zamu ndiye aliyefaa kumchukua. Baba Mdogo alishukuru karibu kupiga magoti. Alikuwa na mke mmoja na alimwogopa.

Aliyekataa kukubali ni Dani, bibi yetu mzaa baba. Dani hakuwa wa kanisa. Alikuja na mkongojo wake, akapita katikati ya masufuria, akagusa godoro.

"Nyar Sondu," akasema, "mvua haijui kusoma Biblia yako."

"Najua, Mama."

"Watoto wa mwanangu wataota uyoga."

"Nitawahamishia kwako."

"Na wewe?"

Mama akaenda kumwaga sufuria iliyojaa. Dani alikaa kitandani, pale pakavu. Halafu akasema kuna njia ya zamani, ya wanawake waliopita umri na ya wagonjwa. Koti la mwanamume linakuja kwa niaba yake. Linatundikwa jioni, linalala, asubuhi mwenyewe anakuja kulichukua. Mwanamume mwenyewe analala nyumbani kwake. Wazee wa ukoo wakiona koti limetoka mle ndani asubuhi, mdomo wao umefungwa, paa linapandwa.

Baba Mdogo alipoambiwa alicheka. Akasema koti lake ni bwana mzuri kuliko yeye, halinywi wala halikoromi. Mama akakubali kwa masharti mawili. Halitagusa kigingi cha Baba, litatundikwa kwenye msumari mwingine karibu na mlango. Na yeye hataligusa kwa mkono wake.

Mambo haya yote nayasema leo kama niliyekuwa nimekaa hapo. Sikuwepo, nilisimuliwa baadaye. Mtoto haambiwi mambo ya wakubwa, na wavulana wa umri wangu hatukulala nyumba ya mama, tulilala kwa Dani. Nilichoona mimi ni hiki tu. Alhamisi jioni nilipita kuchukua viazi vyangu nikakuta koti la kahawia la Baba Mdogo ukutani kwetu, linanuka samaki na naftalini, mikono imening'inia kama mtu aliyechoka. Mama alikuwa ameketi mbali nalo, mgongo umelielekea. Nikachukua viazi nikaondoka. Kulipokucha nilitumwa maji, na nilipopita kando ya nyumba yetu nikamwona Baba Mdogo anatoka mlangoni kwetu, koti begani, anapiga miayo. Siku hiyo hiyo wanaume wakaja na nyasi, yeye wa kwanza kupanda.

Wenzangu wa kuogelea ziwani walikuwa wameshanifundisha. Ukiona koti la mwanamume kwa mama yako, una baba mpya. Nilikaa chini ya ua nikiangalia nyasi mpya zikipanda safu kwa safu, na sijawahi tena kuona paa likaniumiza hivyo, mimi ambaye nimeezeka nusu ya mkoa. Niliona Baba ameezuliwa.

Jumamosi ilikuwa zamu ya watoto kupaka sakafu ya kanisa kinyesi cha ng'ombe. Mzee wa kanisa, mtu mwembamba, mnyoofu, asiyependa utani, alisimama juu yangu.

"Naona mmepata paa. Nani alipanda kwanza?"

"Baba Mdogo."

"Kwa nini yeye?"

Hapo ningeweza kusema nilichoona, kwamba kulikuwa na koti. Sikusema koti. Mikono yangu ilikuwa imejaa samadi mpaka kwenye viwiko, na hasira imenijaa mpaka hapa.

"Kwa sababu yeye ndiye bwana wa nyumba sasa," nikasema. "Analala kwetu."

Mzee hakuuliza tena. Aliniambia nipake vizuri pembeni.

Jumapili Mama alifika na uteo wake akakuta mwanamke mwingine ameshaketi katikati ya watoto. Mzee wa kanisa alimnong'oneza kitu mlangoni. Mama alisimama kidogo, mchanga kichwani, halafu akaenda kukaa benchi la akina mama. Aliuweka uteo miguuni. Hakujua mikono aiweke wapi.

Sasa mtaniuliza kwa nini hakujitetea. Nami nilijiuliza. Dani alimgombeza, akamwambia nenda ukawaambie ni koti tu. Mama alisema hawajamwuliza. Walikuwa wamemhukumu kwanza, wanangoja aje atubu, na yeye hawezi kutubu usiku ambao alilala na binti zake wawili. Waliojua ukweli wengine walikuwa Baba Mdogo na mkewe, na hao Jumamosi ile ile walikuwa wamevuka kwenda visiwani kuvua na kuanika omena. Neno la Dani kanisani lilikuwa halina uzito, maana yeye mwenyewe hakuwa na kanisa.

Basi ikawa hivyo tangu mvua za kupanda mpaka maharagwe yakavunwa. Mama alikuwa na paa lisilovuja na hakuwa na darasa. Yule mwanamke mwingine alikuwa mtu mwema lakini alitusomea tu. Watoto walilala. Siku moja katoto kamoja ka jirani kakamfuata Mama benchini kakamwambia kwa sauti, "Mwalimu, njoo utulize bahari." Akina mama wakaangalia pembeni. Mama alikapakata mpaka ibada ikaisha, na nilimwona akichora kitu kwa kidole kwenye mgongo wa kale katoto, polepole, akikifuta kwa kiganja, akichora tena.

Nilitaka kusema. Kila Jumapili nilikusudia kusema. Lakini niseme nini? Niliamini nilichosema ni kweli. Ndiyo iliyokuwa shida yangu. Sikujiona mwongo, nilijiona mchongezi, na niliona yeye ndiye aliyekosea, na bado sikuweza kumwangalia kwenye lile benchi.

Baba Mdogo na mkewe walirudi Ijumaa, wakasikia habari kabla hawajashusha magunia. Jumapili wakaja kanisani wote wawili, yeye amevaa koti lile lile. Baada ya matangazo akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Mchungaji, aliyekuwa anatoka Kisumu mara moja kwa mwezi na siku hiyo alikuwepo, akamruhusu.

"Mimi si mtu wa hapa," alisema, "lakini nasikia nimefanya dhambi na sikualikwa." Watu wakacheka kidogo. Akavua koti akaliinua juu. "Huyu hapa ndiye mwenye dhambi. Alilala kwa shemeji yangu usiku mmoja, kwenye msumari. Mimi nililala kwangu."

Mzee wa kanisa akauliza nani anaweza kushuhudia hilo. Ndipo Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo, akasimama, mwanamke mfupi, sauti kama ya kuuza sokoni.

"Mzee, mwanamume huyu akikoroma ng'ombe wanaamka. Usiku ule niliwasikia ng'ombe."

Kanisa lote likaanguka kwa kicheko. Hata mchungaji alishika meza. Mzee mwembamba peke yake hakucheka. Lakini nilimwona akikuna kidevu, na nilimwona akinitafuta kwa macho kati ya watoto, nikajificha nyuma ya shati la mwenzangu. Hapo ndipo nilipojua. Koti lilikuja peke yake.

Mchungaji akamwuliza Mama kama ana neno. Alisimama. Hakuwa amecheka yeye.

"Mume wangu ni yule mliyemzika," alisema. "Sina mwingine, na sitapata. Nilihitaji paa. Mkinirudishia watoto nitawafundisha. Mkikataa, nitawafundisha wangu watatu, maana hao hamwezi kuwachukua." Akakaa.

Hawakupiga kura wala nini. Yule mwanamke mwingine aliinuka mwenyewe akatoka katikati ya watoto, nadhani kwa furaha. Mzee wa kanisa akaja mpaka benchini akamsalimia Mama kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, tulikukosea kwa kutokuuliza." Kwa mtu kama yule, hilo lilikuwa jambo kubwa, nami nimemheshimu kwa hilo mpaka alipokufa. Hakumtaja aliyemwambia.

Tulirudi nyumbani, dada zangu wametangulia na Dani, mimi nyuma ya Mama hatua kumi. Mvua ilikuwa imenyesha juu, na kijito kinachoingia ziwani kilikuwa kimejaa mpaka magotini. Akasimama kwenye ukingo akaningoja.

"Wanaolijua lile koti vizuri hawawezi kusema vile," akasema bila kugeuka. "Aliyemwambia Mzee ni mtu aliyeliona tu."

Nikatazama maji.

"Mbona hukuniuliza? Hata dada zako ungewauliza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utasema ndiyo."

Aligeuka akaniangalia. Nilingoja kofi. Kofi lingenisaidia.

"Hata kama ningesema ndiyo," akasema, "ningekuwa nani kwako?"

"Mama."

"Haya." Akainama akakunja sketi yake, akaifunga kiunoni, akatoa Biblia kwapani akanipa. "Shika hii juu, tuvuke. Ukiteleza, uanguke wewe."

Nimebeba vitu tangu siku ile. Nimebeba saruji mgongoni kabla sijapata hata mkokoteni, nimebeba mabati kichwani kutoka stesheni mpaka Nyalenda, na leo malori yangu yanabeba chuma ambacho hakuna mtu wa rika langu kijijini kwetu angeota kukimiliki. Sijabeba kitu kwa makini kama nilivyobeba kile kitabu. Niliingia kwenye maji mikono yote miwili imenyooka juu ya kichwa, yeye mbele akinipimia kina kwa miguu yake, na tulipofika ng'ambo hakikuwa na tone.

Akakichukua, akakifuta hata hivyo. Halafu, tukipanda mteremko, akaanza kunifundisha somo ambalo hakuwa amelifundisha miezi yote ile. Alipofika mahali fulani nikamwambia sikubali, haiwezekani, hao watu walikuwa wangapi na mkate ulikuwa wa ukubwa gani. Akacheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Baba afe. Tulibishana mpaka mlangoni.